Gogo, Nyota na Mpunga wa Mama Chausiku

Siku ya kuniaga ofisini walinipa khanga doti mbili, saa ya ukutani, na laptopu mpya imefungwa utepe kama bibi harusi. Kisha Rehema, huyu binti aliyerithi meza yangu, akaniuliza mbele za watu: "Shangazi, miaka yote hii umeshika mashine, hebu tuambie, kompyuta gani ndiyo nzuri?" Watu wakasubiri nitaje jina. Nikamjibu, "Nzuri ya nini?" Wakacheka, wakadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo. Swali hilo liliwahi kunitia aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka najifunika uso kwa mtandio, na nusura limnyime mtoto wa watu mtihani wake wa darasa la saba. Ndiyo maana nimekaa kibarazani nawaandikia, wanangu. Anayetaka kujua nilipanda vyeo lini akaulize masjala.

Majina ya kampuni sitayataja. Kuna moja nitaiita Nyota na nyingine nitaiita Almasi, na msihangaike kuzitafuta madukani. Wenye kampuni wana mawakili, mie nina kuku.

Nilianza kazi kwa taipu. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye cheti cha kasi ya kuchapa, na kiburi kilichoizidi kasi yenyewe. Chumba chetu pale Kibiti kilikuwa na mashine tatu: moja jitu zima la chuma, moja pana ya kuchapia majedwali, na moja ndogo nyekundu yenye mpini wa kubebea. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile nyekundu. Pembeni alikuwa amekaa Mzee Kingwande, fundi wa mashine, na brashi yake na kopo la mafuta ya cherehani. Hakuniambia karibu. Aliniuliza, "Kazi gani?"

"Kuchapa," nikasema.

"Kuchapa nini, binti? Barua, jedwali, au nakala za kaboni?"

Nilikuwa na barua ya nakala sita. "Basi hako kekundu hakana kifua," akasema. "Nakala ya nne itatoka kama maandishi ya jini."

Nikachapa kwa kekundu hivyohivyo, kwa kuwa kalinipendeza. Nakala ya nne hata jini mwenyewe asingeisoma. Nikarudia zote kwa lile jitu la chuma, vidole vikavimba, na Mzee Kingwande akawa anafuta vumbi huku anapiga mluzi.

Alikuwa mtu wa Mloka, kule ambako wanyama wanavuna kabla ya mwenye shamba, na mifano yake yote ilitoka hukohuko. "Kwetu ndege ni kombeo, nyani ni mbwa, nguruwe ni mtego, tembo ni debe na dua," alikuwa akisema. "Sijaona mtu anamkimbiza tembo kwa kombeo, eti kwa sababu kombeo lake zuri." Nilimwona mshamba. Mungu anisamehe, nilimwita hivyo hata kwa mdomo, ila si mbele yake.

Kompyuta zilipoingia tulipelekwa kozi sote wawili. Yeye alirudi na cheti na swali lake lilelile. Mimi nikarudi na mapenzi.

Nilipenda Nyota, sina neno jingine. Ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, ukiiwasha inatoa mlio mdogo kama mtu anayekohoa kwa adabu. Nilibandika stika yake kwenye mkoba, kwenye mlango wa ofisi, na moja kwenye kabati la vyombo nyumbani. Mume wangu akaniuliza kama nimeposwa. Mtu akinijia na shida yoyote, awe anataka kuandika barua ya likizo au kuchora ramani ya wilaya nzima, dawa yangu ilikuwa moja: nunua Nyota.

Mpinzani wangu alikuwa Ally wa takwimu, yeye mtu wa Almasi. Tuligombana miaka na miaka kama washabiki wa mpira. Mashine yake ikizima katikati ya kazi, mimi naagiza soda. Ya kwangu ikizima, yeye ananyanyua mikono kunisomea fatiha. Printa ya ofisi ilikuwa ya Almasi, nayo iko mezani kwa Ally, basi kuliko kumwomba Ally nilikuwa natia kazi yangu kwenye flashi, natembea juani mpaka duka la steshenari pale stendi. Watu wazima hao, wenye watoto.

Ubaya ni kwamba niliaminiwa. Wenzetu wa Bungu walipotaka mashine, ofisi yao ikiwa pua na mdomo na barabara ya malori, nikawaandikia Nyota. Haikumaliza mwaka, vumbi lilijaa kooni. Mzee Kingwande akawapelekea limashine kubwa la mezani linalofunguka kwa bisibisi moja, akamfundisha karani kulipuliza kila Ijumaa kabla ya swala. Likadumu mpaka karani akahama. Mimi nilisema tatizo la ile Nyota lilikuwa karani.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Kulikuwa na shule moja ya visiwani, kule delta, mto unapomwagikia baharini, iliyofikisha darasa la saba kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo watoto wa kule wakifika la tano, wenye ndugu bara wanahamia kwa ndugu, wasio na ndugu wanaingia kwenye mikoko na baba zao, basi. Mwalimu mkuu, Bi Zuhura, alikuwa amewalea watoto ishirini na wanane hao toka darasa la kwanza. Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa Ijumaa saa sita mchana, na asiyesajiliwa hafanyi. Kisiwani mtandao haukuwepo, isipokuwa unashika kidogo pale kisimani ukisimama upande wa mnazi. Na wazazi wa kule hawakubali cheti cha kuzaliwa cha mtoto kivuke maji bila mwenyewe. Kwa hiyo ilibidi mtu aende na mashine, aingize majina, namba za vyeti na picha, arudi Kibiti kuyapandisha kwenye mtandao. Mtu huyo nikawa mimi.

Nilitakiwa niende wiki moja kabla. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri mkoba mpya wa Nyota kutoka Dar. Nimeandika, na nimeona haya kuandika.

Jumatatu Mzee Kingwande akaniwekea Gogo mezani. Gogo lilikuwa laptopu nene, nyeusi, ya kampuni iliyoshafutika jina, uzito wake kama mtoto aliyeanza kukaa. Kibodi yake ilifunikwa mpira, betri yake inakaa kutwa. Lakini polepole! Ukibonyeza herufi unaweza kuonja chai kabla haijatokea.

"Kule maji ya chumvi, na umeme hakuna," akasema. "Chukua hili."

"Mzee, niende na gogo hilo mbele za watu? Kwani nimetumwa kukata mikoko?"

"Umetumwa kuandika majina, Mwajuma. Majina hayatazami sura."

Asiyesikia la mkuu, jamani. Mnaujua mwisho wake.

Jumanne alasiri nikashuka kisiwani na Nyota yangu na mkoba unanukia dukani. Wa kwanza kuja alikuwa Siwema, binti mrefu mwenye kikohozi, na mama yake. Ilikuwa msimu wa kulinda mpunga, familia nyingi zimehamia mashambani kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti ambako mtu anakaa kutwa kufukuza ndege na nguruwe. Wao walikuja na mtumbwi kutoka mbali, na mama mtu hakutaka hata kukaa. "Fanya upesi, dada. Nimemwacha mdogo wake peke yake, na ndege hawana huruma." Nikamwingiza Siwema upesi, jina, namba, picha ikiwa na khanga ya mama yake kwa nyuma. Wakapiga kasia wakaenda zao. Wengine tukapanga kesho.

Jioni ile natoka shuleni kwenda kwa mwenyeji wangu, Mama Chausiku. Njiani pana kijito, na daraja lake ni boriti mbili za mkoko. Wanakijiji wanapita juu yake na ndoo kichwani huku wanasengenya. Mie nikapita kwa maringo na viatu vya mjini. Nilijikuta nimekaa kwenye tope mpaka kiunoni, na mkoba mpya umetangulia chini.

"Usiiwashe!" wakasema watu. "Itie kwenye mchele, unanyonya maji." Hilo mnalijua, kila mtu analijua. Lakini nyumbani kwa Mama Chausiku mchele haukuwepo. Mtu wa kule hahifadhi mchele, anahifadhi mpunga, na anatwanga wa kula siku hiyohiyo. "Si mamoja?" akasema Mama Chausiku. "Mchele si ni mtoto wake?" Nami, mtoto wa Ikwiriri niliyekulia kinuni, nisiyehitaji kuambiwa pumba ni kitu gani, nikasema kweli, mamoja. Tukaizika Nyota kwenye gunia la mpunga na tukalala na matumaini.

Asubuhi nikaitoa, nikaiwasha. Ikakohoa kwa adabu, ikawaka! Mama Chausiku akapiga kigelegele. Halafu feni ikaanza kuzunguka. Wallahi, ilitoa sauti ya kinu. Pumba zilikuwa zimeingia kila tundu, zikasagika humo ndani, ukatoka moshi mwembamba na harufu ya ukoko wa wali. Kisha giza.

Bi Zuhura alisimama mlangoni ameshika orodha yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Miaka saba, Bi Mwajuma," akasema. "Miaka saba nawavusha hawa watoto, nawatoa kwenye madungu mmojammoja, nabembeleza baba zao. Leo unakuja kuniunguzia kwenye mpunga?"

Nilikwenda kisimani, nikasimama upande wa mnazi, nikampigia Mzee Kingwande. Nikasema shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Imezama?"

Alhamisi asubuhi maji yalipojaa akashuka kwenye boti, suruali ameikunja magotini, kanzu ameifunga kiunoni, kichwani ndoo ya rangi yenye mfuniko. Akapita zile boriti mbili kama anavuka sebule yake. Ndani ya ndoo mlikuwa na Gogo ndani ya nailoni, na simu yake ya kawaida ya kupigia picha. Nilisubiri anitukane. Akakaa, akaniuliza mbele ya Bi Zuhura na wazazi wote, "Kazi gani?"

Nikajibu kama mtoto wa chuoni. "Kuandika majina, Mzee. Na picha."

"Basi andika. Picha nitapiga mimi."

Tukafanya kutwa. Gogo linajikokota, mie najikokota nalo, lakini halikuzima hata mara moja, na mvua ilipopenya paa likalowa mgongoni, Mzee Kingwande akalipangusa kwa kanzu yake. Alipoondoka mtoto wa mwisho, Bi Zuhura akauliza, "Wote?" Nikamjibu wote. Kichwani kwangu Siwema nilishammaliza Jumanne. Na Siwema alikuwa huko dunguni kwao anafukuza ndege, hakuwepo kunikumbusha.

Ijumaa tuliondoka na maji ya alfajiri, tukaingia Kibiti saa tano kasoro. Mzee Kingwande hakuniambia kuwa alishapanga na Ally. Tulimkuta amefungua mashine yake kubwa ya mezani, Almasi, ile yenye mtandao wa nguvu, maana Gogo kupandisha picha zote zile lingemaliza mwezi mtukufu. Tukahamisha kwa flashi. Ally akapandisha. Nikaanza kupumua.

"Ishirini na saba," akasema Ally.

"Nane," nikasema.

"Nasoma, Bi Mwajuma. Ishirini na saba."

Hapo ndipo nilipomwona Siwema, amesimama mbele ya khanga ya mama yake, ndani ya Nyota iliyokufa. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini. Namba ya cheti sikuwa nayo. Picha sikuwa nayo. Kumpigia Bi Zuhura kusingesaidia kitu, hayuko kisimani, na cheti kiko dunguni, mwendo wa nusu siku kwa kasia. Nilikaa chini sakafuni nikalia, si kilio cha heshima, kilio cha makamasi. Mtoto wa watu atakosa mtihani kwa sababu mimi nilitaka kuonekana.

Mzee Kingwande akachukua mkoba wangu. "Hii kazi yake sasa nini?"

"Haina kazi, Mzee. Imekufa."

"Kilichokufa feni. Kwani mtu akivunjika mguu anasahau jina lake?" Akatoa bisibisi. Alipoifungua Nyota, pumba zilimwagika juu ya meza ya Ally, na punje mbili nzima za mpunga. Akachomoa diski, akaipuliza, akaipangusa na ncha ya kanzu. "Ally, una waya wa kuunganishia hii?"

Nilijua Ally atasema neno. Miaka kumi alikuwa anaisubiri siku hiyo. Ally akafungua droo, akatoa waya, akaunganisha diski ya Nyota kwenye Almasi yake, akafuta meza kwa mkono. Hakusema kitu, na kwa Ally kutosema kitu ni sawa na mwingine kutoa figo.

Mashine ikatafuta. Ikatafuta tena. Kisha akatokea Siwema kwenye skrini, uso mrefu na khanga nyuma. Ally akachapa. Saa sita kasoro dakika nane tukabonyeza. Ishirini na nane.

Mzee Kingwande akakusanya zile pumba kwenye karatasi, akaikunja vizuri, akanikabidhi. "Kawape kuku," akasema, akaenda msikitini.

Mwaka ule alistaafu, akarudi Mloka kugombana na tembo. Aliniachia brashi yake. Alipofariki nilikwenda kumzika, na mpaka leo inaniuma kwamba sikuwahi kumwambia ahsante ya kueleweka. Nilidhani mtu kama yule hafi.

Baada ya hapo sikununua mashine kabla ya kwenda kumwona atakayeitumia amekaa wapi. Karani wa barua hahitaji mashine ya mchora ramani, na mchora ramani mkimpa ya karani mnamtesa. Ya safari za delta iwe na betri na ngozi ngumu, uzuri wake shauri yake. Ya kupandisha kazi mtandaoni ikae mezani, karibu na waya wa umeme, na isibebwe na mtu. Kule Dimani niliwahi kukuta kazi yote inamalizwa na daftari na simu, nikawaambia bakini hivyohivyo, mkuu wangu akakasirika. Na hii Nyota mliyonipa, wanangu, naipenda, naitumia kuangalia tamthilia za Kituruki. Kazi hiyo haina mpinzani. Ally naye kastaafu, huja kuangalia nami Jumapili, na bado anasema rangi za Almasi zingekuwa bora.

Kisiwani nilirudi msimu uliopita, kwa mwaliko wa Bi Zuhura. Kule naitwa Bi Mpunga, watoto wadogo hata sababu hawaijui. Nikaomba nipelekwe dunguni kwa Siwema. Nilimkuta juu, mtoto mgongoni, mtu mzima sasa, simu ya tochi inaning'inia shingoni. Nilipanda ngazi ile kwa tabu, magoti yangu yanalia. Tukasalimiana, tukacheka habari za mpunga. Jambo moja nilikuwa nalo rohoni miaka yote, na Bi Zuhura kila nikimwuliza alikuwa ananizungusha.

"Mwanangu, ule mtihani," nikasema. "Ilikuwaje?"

"Nilifeli, shangazi."

Nikainamia mbao za dungu. Ndoo ya Mzee Kingwande, waya wa Ally, yale makamasi yangu sakafuni, yote yakapita.

"Usiinamishe uso," akasema Siwema. "Nilikaa kwenye dawati, nikapewa karatasi yangu yenye namba yangu. Hesabu zikanishinda. Nilifeli mwenyewe. Mama yangu alikuwa na akili kuliko mimi, na hata hiyo nafasi ya kufeli hakupewa."

Nilitaka kumjibu, lakini ndege walikuwa wameshatua upande wa pili wa shamba. Akanitilia kombeo mkononi.